Mshikamano ni Amana: Picha Zilizosubiri Nchi Kuwa Huru

Vita ikizuka mahali, wanachuo tunajua cha kufanya. Tunabadilisha picha ya profaili tunaweka bendera, tunaandika mistari miwili kwenye stetasi, na usiku huo kundi la WhatsApp la darasa linawaka moto. Huyu anatetea upande huu, yule upande ule, wa tatu anauliza mbona hamkusema kitu kuhusu Kongo. Wiki ya pili bendera imeshushwa, pamewekwa picha ya mahafali ya binamu. Walioko vitani hawakupata chochote kutoka kwetu. Kilichobaki ni watu wawili waliokuwa wanapiga msuli pamoja kwenye kimbweta kimoja, ambao sasa hawasalimiani kwa sababu ya maneno waliyoandikiana saa saba usiku.

Hesabu hiyo haiko sawa. Kwa mtu wa mbali hatujafanya kitu, na wa karibu tumempoteza.

Sasa swali ni hili: mshikamano na watu usiowajua unakuwaje kitu cha kweli, na unaishije pamoja na urafiki wakati dunia imegawanyika? Vitabu vya siasa vina majibu yake. Hapa nataka tupite njia ya sanaa, kwa sababu kuna makusanyo matatu ya picha na sanamu, la Chile, la Beirut na la Paris, ambayo yanaeleza jambo hili vizuri kuliko hotuba nyingi. Kila moja lilianza kama zawadi ya wasanii kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kuonana nao. Na kila moja lilipata majaribu. Ukiyatazama yote matatu unaona kitu kimoja: mshikamano wa kweli haufanani na kelele, unafanana na amana. Mtu anakukabidhi kitu, wewe unakitunza mpaka mwenyewe aje kukichukua, hata akichelewa miaka 20.

Maneno mawili tusiyachanganye

Tuanze na lugha. Rafiki ni mtu unayemjua kwa jina. Unajua anachekeshwa na nini, unajua bumu likichelewa anakula wapi. Hukumchagua kwa sababu ya msimamo wake, na pengine hata chama chake hukipendi. Wazee walitupa kipimo chake: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kipimo ni dhiki, kukubaliana hakumo.

Mshikamano ni kitu kingine. Neno lenyewe linatoka kwenye kushika, kushikana, kushikamana. Vitu vilivyoshikamana huvitenganishi kwa urahisi. Hapa hatuzungumzii mtu mmoja unayemjua. Tunazungumzia wafanyakazi, wakimbizi, watu wa nchi fulani, na sababu ya kusimama nao ni haki. Ndiyo maana Mei Mosi watu ambao hawajuani wanasimama uwanjani, wanashikana mikono na kuimba wimbo wa mshikamano, halafu kila mmoja anapanda daladala yake.

Kila kimoja kina udhaifu wake. Urafiki ni mwembamba: unaweza kumpenda sana mwenzako wa chumba na usijali kabisa kinachowapata watu wa mtaa wa pili. Mshikamano nao unaweza kuwa wa baridi: mtu anawapenda "wanyonge wa dunia" lakini mnyonge akikaa naye meza moja kafeteria anahama. Tena mshikamano unachoka haraka, kwa sababu huna sura ya kukukumbusha.

Zawadi inaunganisha hivi viwili. Ukimpa mtu usiyemjua kitu ulichokitengeneza kwa mkono wako, na jina lako liko pale chini kwenye kona, tayari umempa sura yako. Naye akikipokea, amepokea kazi ya kukitunza. Hapo ndipo hadithi ya Chile inapoanzia.

Chile: makumbusho yaliyokwenda uhamishoni

Mwaka 1970 wananchi wa Chile walimchagua Salvador Allende kuwa rais. Alikuwa msoshalisti aliyeingia madarakani kwa kura, si kwa bunduki, na mwaka 1971 serikali yake ikataifisha migodi ya shaba. Serikali ya Marekani ya wakati huo, chini ya Richard Nixon, ilimwona adui na ikafanya kila njia kumdhoofisha. Ilikuwa enzi ya vita baridi: dunia imekatwa vipande viwili, na kila nchi inaulizwa uko upande gani.

Aprili 1971 serikali ya Chile iliwaalika waandishi, wasomi na wasanii wa nje waje wajionee wenyewe kinachoendelea. Mwaliko huo uliitwa Operesheni Ukweli. Katika mazungumzo ya wageni hao likazaliwa wazo: wasanii wa dunia watoe kazi zao, bure, ili wananchi wa Chile wapate makumbusho ya sanaa ya kisasa. Miongoni mwa waliolianzisha alikuwa José María Moreno Galván, mhakiki wa sanaa kutoka Hispania, nchi iliyokuwa bado chini ya udikteta wa Franco. Aliyepewa kazi ya kuongoza kamati ya kimataifa alikuwa Mário Pedrosa, mhakiki mkubwa wa Brazil, ambaye mwenyewe alikuwa mkimbizi Chile kwa sababu ya utawala wa kijeshi nchini kwake.

Tazama hapo. Mtu aliyekimbia kwao ndiye aliyekabidhiwa kujenga nyumba ya sanaa ya nchi iliyompokea.

Sasa Pedrosa alifanyaje? Hakuwa na fedha ya kununua picha. Alichokuwa nacho ni marafiki. Aliandika barua kwa wahakiki na wasanii aliowajua, nao wakawaandikia wa kwao. Kule New York kulikuwa na mhakiki Dore Ashton, aliyesaidia kuwafikia wasanii wa Marekani. Joan Miró wa Hispania alitoa picha ya jogoo. Frank Stella na Alexander Calder, Wamarekani, walitoa. Wasanii wa Cuba pia walitoa. Serikali ya Marekani na ya Cuba hazikuwa zinaongea, lakini kazi za wasanii wa nchi hizo mbili zilikaa kwenye ukusanyaji mmoja. Mei 1972 makumbusho yakafunguliwa Santiago, yakaitwa Makumbusho ya Mshikamano.

Hili ni somo la kwanza, nalo ni dogo lakini watu wengi hulikosa: mshikamano ulisafiri kwa njia ya urafiki. Mchoraji wa New York hakuijua Chile. Alimjua mtu, anayemjua mtu, anayeishi Chile. Bila ile minyororo ya kujuana, wazo zuri lingebaki kwenye kumbukumbu za kikao.

Halafu ikaja tarehe 11 Septemba 1973. Jeshi likapindua serikali, ndege zikapiga ikulu, Allende akafa humo humo. Pedrosa ikabidi akimbie tena, mara hii kupitia ubalozi wa Mexico. Kazi nyingi za sanaa zikabaki nyuma, zikiwa zimefungiwa kwenye maghala, na jina la makumbusho likawa halitajwi.

Jiulize kidogo: zawadi inakuwa ya nani pale mpokeaji anapoondolewa? Mtu angeweza kusema basi, tumetoa, imeharibika, tugeukie mambo mengine. Hawakufanya hivyo. Kuanzia mwaka 1975 wasanii na Wachile waliotawanyika duniani wakaanza upya, safari hii makumbusho yakiwa uhamishoni. Miria Contreras, aliyekuwa katibu wa Allende, aliratibu akiwa Havana. Ufaransa, Mexico, Hispania, Sweden na kwingineko zikaundwa kamati. Kila nchi ikakusanya kazi za wasanii wake, ikazionyesha, ikazitunza. Hazikuwa mali ya nchi hizo. Zilikuwa zinasubiri.

Zilisubiri mpaka udikteta ulipoondoka mwaka 1990. Mtoto aliyezaliwa siku ya mapinduzi alikuwa anakaribia umri wa kuingia chuo. Mwaka 1991 zile zilizokuwa zimefichwa ndani na zile zilizokuwa nje zikaanza kukutana Santiago. Leo yako pale, yanaitwa Makumbusho ya Mshikamano ya Salvador Allende, na yana kazi zaidi ya 2,000.

Beirut: amana iliyoungua

Isije ikaonekana kwamba hadithi hizi zote zinaishia vizuri. Ya pili haikuishia vizuri.

Mfano wa Chile uliwafikia Wapalestina waliokuwa Lebanon. Kitengo cha sanaa cha Chama cha Ukombozi wa Palestina, ambacho mchongaji Mona Saudi alikiongoza, kikaandaa maonyesho ya kimataifa ya sanaa kwa ajili ya Palestina. Yalifunguliwa tarehe 21 Machi 1978 kwenye Chuo Kikuu cha Kiarabu cha Beirut. Kumbuka hali ilivyokuwa: Lebanon ilikuwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1975, na wiki moja tu kabla, jeshi la Israel lilikuwa limeingia kusini mwa nchi. Maonyesho hayakuahirishwa. Zilitundikwa kazi karibu 200 kutoka kwa wasanii wa nchi karibu 30.

Lengo lilikuwa lile lile. Kazi hizi zingekuwa mbegu ya makumbusho ya baadaye, siku Palestina ikiwa huru. Mpaka siku hiyo zingekuwa zinasafiri, na baadhi yake kweli zilifika Japani, Norway na Iran.

Mwaka 1982 Israel iliizingira Beirut. Jengo lililokuwa na kazi hizo lilipigwa, na sehemu kubwa ya amana ikateketea. Sanaa haikuzuia bomu hata moja. Tuliseme hili wazi, kwa sababu kuna watu wanaoisifia sanaa mpaka inakuwa kama dawa ya mganga. Picha haisimamishi kifaru.

Kilichobaki ni nini? Kilibaki kitabu cha maonyesho, yaani katalogi. Miaka mingi baadaye watafiti wawili, Kristine Khouri na Rasha Salti, waliipata katalogi hiyo wakashangaa: maonyesho makubwa kiasi hiki, mbona hakuna anayeyataja? Wakaanza kutafuta watu waliokuwepo, nchi moja baada ya nyingine, wakiuliza, wakikusanya picha za zamani, barua na magazeti. Matokeo yake ni maonyesho yanayoitwa Past Disquiet, yaliyoanza Barcelona mwaka 2015. Ndani yake husimuliwi kwa kazi za asili. Kuna nyaraka, filamu na sauti za walioshiriki. Mwaka 2018 yalifika Santiago, kwenye lile lile Makumbusho ya Mshikamano la Chile. Waliofanikiwa kuitunza amana wakaipokea kumbukumbu ya wale ambao yao iliungua.

Katalogi ni nini basi? Ukiiangalia kwa macho ya kawaida ni orodha: jina, nchi, ukubwa wa picha. Lakini ni orodha ya watu waliokubali majina yao yasomwe hadharani upande ule, wakati kufanya hivyo kwa baadhi yao kulikuwa na gharama. Kitu kikiungua, orodha ndiyo inayosema nani alisimama na nani. Hili ni somo la pili: mshikamano usioandikwa mahali unakufa na waliokuwepo.

Paris mpaka Cape Town: makumbusho bila nchi

Mfano wa tatu unaanza na urafiki wa bandia. Mwaka 1974 mji wa Nice, kusini mwa Ufaransa, uliamua kuingia udugu na mji wa Cape Town. Udugu wa miji ni kitu cha kawaida: mameya wanatembeleana, wanapeana bendera, wanapiga picha. Tatizo ni kwamba Afrika Kusini ya wakati ule ilikuwa ya makaburu, na waliokuwa wanaingia udugu huo hawakuwa watu wa Cape Town wote. Msanii Ernest Pignon-Ernest, mzaliwa wa Nice, akachora familia ya watu weusi imesimama nyuma ya waya wa seng'enge. Akachapa nakala kwa mamia, akazibandika mitaani kwenye siku ya sherehe. Wageni wa heshima walipopita, familia ile ilikuwa inawatazama kutoka kila ukuta.

Ni muhimu kuuelewa ule mchoro. Haukupinga urafiki kati ya miji. Uliuliza tu: urafiki na nani? Watawala wawili wakishikana mikono hawajawashikamanisha watu wao.

Pignon-Ernest hakuishia ukutani. Yeye na mchoraji wa Hispania, Antonio Saura, walianzisha kamati ya wasanii wa dunia dhidi ya ubaguzi wa rangi, wakishirikiana na kamati maalumu ya Umoja wa Mataifa. Novemba 1983 ukafunguliwa Paris ukusanyaji wa kazi za wasanii takriban 80, wakiwemo Wamarekani Robert Rauschenberg na Roy Lichtenstein. Mwanafalsafa Jacques Derrida aliandika makala ya kwenye katalogi. Na sharti lilikuwa moja: ukusanyaji huu ni zawadi kwa serikali ya kwanza ya Afrika Kusini iliyochaguliwa kwa kura ya watu wote.

Mwaka 1983 serikali hiyo haikuwepo. Nelson Mandela alikuwa gerezani mwaka wa 21. Kusema kweli, waliikabidhi zawadi yao kwa mtu ambaye hajazaliwa. Kwa zaidi ya miaka kumi picha zikazunguka nchi baada ya nchi, makumbusho kamili yasiyo na nchi. Aprili 1994 uchaguzi ukafanyika. Mwaka 1996 zikatundikwa kwenye jengo la Bunge, Cape Town, kwenye kuta zilizokuwa na picha za watawala wa enzi ya ubaguzi. Leo zinatunzwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya Mayibuye, ndani ya Chuo Kikuu cha Western Cape. Yaani mwisho wa safari yake, amana hii iko mikononi mwa chuo.

Gharama ya kukaa jirani

Mpaka hapa unaweza kusema: wasanii wa Paris na New York walitoa picha, vizuri, lakini hawakulala na hofu. Ni kweli. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, lakini pia kuna kutoa ambako kunagharimu zaidi. Kwa hilo inabidi tuje karibu, kwa majirani wa Afrika Kusini.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mjini Gaborone, Botswana, wasanii waliokimbia Afrika Kusini walianzisha kikundi cha Medu, neno linalomaanisha mizizi. Ndani yake walikuwemo pia Wabotswana na marafiki kutoka nchi za mbali. Walichapa mabango kwa mikono yao, wakaandika, wakapiga muziki, na Julai 1982 wakaandaa mkutano na tamasha kubwa la utamaduni na upinzani. Mabango yalivushwa mpaka kwa siri. Hawakupenda sana kuitwa wasanii. Walijiita wafanyakazi wa utamaduni.

Usiku wa tarehe 14 Juni 1985 makomando wa Afrika Kusini walivuka mpaka wakavamia nyumba kadhaa Gaborone. Waliuawa watu 12, akiwemo mtoto mdogo. Mmoja wa waliouawa alikuwa Thami Mnyele, mchoraji wa Medu. Kikundi kikafa. Waliolipa usiku ule hawakuwa wakimbizi peke yao. Wenyeji pia walilipa, kwa kosa la kuwa jirani. Ukikaa jirani, mshikamano unakuwa na anwani, na adui anaijua.

Na kwetu Tanzania? Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963, hilo tulishalikariri. Tunachosahau ni kwamba na sisi tuna amana yetu, ila si picha, ni majengo. Baada ya mauaji ya Soweto mwaka 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbia. Serikali ya Tanzania ikakipa chama cha ANC ardhi ya Mazimbu, Morogoro, lililokuwa shamba la mkonge. Wakajenga shule, kwa misaada ya watu wa nchi nyingi, wakaiita jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Watoto walisoma pale, wengine walizaliwa pale, na wengine wamezikwa pale. Ukombozi ulipokaribia, Julai 1992, ANC waliikabidhi Mazimbu kwa Tanzania. Sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kama unasoma pale, darasa unalokaa ni zawadi iliyokwenda na kurudi: ardhi ikatoka hapa, ikarudi na madarasa juu yake.

Pingamizi mbili

La kwanza: si hiyo yote ni propaganda? Kuna ukweli ndani yake. Wakati wa vita baridi, waliopaza sauti kwa ajili ya Chile wengine walikuwa kimya mwaka 1968 vifaru vya Urusi vilipoingia Prague. Mshikamano una tabia ya kuona kwa jicho moja. Lakini tiba ya jicho moja ni kufungua la pili, haisemi ulifumbe na lile linaloona. Aliyetoa picha yake kwa Chile hakukosea kwa kuipa Chile. Kama alikosea, alikosea kwa kuishia hapo.

La pili ni gumu zaidi, na ndilo linalotuhusu hapa kampasi. Je, nikisimama upande mmoja, nivunje urafiki na aliye upande wa pili? Angalia tulikotoka. Mshikamano unakutaka uchague upande, hauna njia ya katikati. Familia iliyo nyuma ya waya haikuhitaji mtu wa kusema pande zote zina hoja. Lakini urafiki haukudai makubaliano tangu mwanzo. Unaweza kumwambia mwenzako wa chumba, "Kaka, kwenye hili umepotea, na nitalisema popote," halafu ukampelekea uji akiumwa malaria. Tunachofanya kwenye makundi ya WhatsApp ni kinyume. Tunamtoa sadaka rafiki ili tuonekane tuna msimamo, wakati wale tunaodai kuwatetea hawajapata hata kijiko cha sukari. Msimamo unaolipiwa na rafiki yako peke yake ni wa bei rahisi sana.

Kuna mpaka, bila shaka. Mtu akianza kuwatukana wenzake kwa kabila, dini au pale walipotoka, hapo siyo tofauti ya mawazo tena, na urafiki wenyewe unahojiwa. Lakini tofauti nyingi tunazopigania usiku hazijafika huko.

Amana ya kampasi

Kwenye hadithi zote hizi kuna mambo matatu yanayojirudia. Kuna jina: aliyetoa anajulikana, na anakubali kujulikana. Kuna muda: hakuna aliyehesabu wiki, walihesabu miaka. Na kuna mtunzaji: mtu au taasisi iliyosema, "Iache kwangu." Bendera ya profaili haina hata kimoja. Haina gharama kwa jina lako, inakufa na habari ya wiki, na hakuna anayeitunza.

Wenye amana wako karibu kuliko tunavyodhani. Baada ya vita kuzuka Sudan Aprili 2023, wanafunzi wa udaktari waliokatishwa masomo Khartoum walipokelewa Rwanda na Tanzania wamalizie huku. Kwenye vyuo vingi vya ukanda huu kuna wanafunzi wa Burundi na Kongo waliokulia kambini. Tunakaa nao maktaba, tunafanya nao sup. Wangapi tumewauliza wana nini ambacho wangependa kitunzwe mpaka kwao kutulie? Shairi la bibi, picha za mtaa ambao haupo tena, kanda ya nyimbo za harusi, mchoro uliochorwa kwenye daftari la shule.

Pendekezo langu kwa umoja wa wanafunzi ni dogo, halihitaji bajeti ya kutisha. Tufungue daftari la amana. Mwanafunzi yeyote aliyetoka kwenye nchi yenye vita, au Mtanzania anayetaka kumpa zawadi ya sanaa mtu wa huko, alete kazi au nakala yake. Iandikwe jina la mtoaji, ni ya nani, na irudishwe lini au kwa sharti gani. Mara moja kwa mwaka itundikwe ukumbini, waliotoa wasimame pembeni ya kazi zao, waulizwe maswali na watu wasiokubaliana nao. Hapo mtu wa upande wa pili utamjua kwa sura kabla hujamjibu kwa simu.

Ugumu uko kwenye mtunzaji. Viongozi wetu wa wanafunzi wanabadilika kila mwaka. Ofisi mpya ikiingia, mafaili ya ile ya zamani huwa hayaonekani. Amana haiwezi kukaa kwenye droo ya rais wa wanafunzi. Inabidi ikae maktaba kuu, kwa barua iliyosainiwa na pande zote mbili, ikisema wazi kwamba chuo ni mtunzaji tu. Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kuchora kitu, barua ya kwanza iende kwa mkutubi. Nani anaiandika?